Kichura si adhabu

Kwenye shule zetu nyingi za sekondari mwanafunzi huyajua mazoezi ya viungo kwa njia mbili. Kwanza timu: wenye kasi wanachaguliwa kujiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wengine wanabaki pembeni kushangilia. Pili adhabu: umechelewa paredi, ruka kichura (umechuchumaa, kama chura), umepiga kelele darasani, piga pushapu 20. Mimi nafundisha elimu kwa michezo, na hili la pili linaniuma zaidi. Nikimwambia mwanafunzi wa kidato cha kwanza achuchumae, ananitazama kama anayejiuliza amekosa nini.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku 3 za wiki afanye mazoezi makali pamoja na ya kuimarisha misuli na mifupa. Kwa takwimu zake za mwaka 2016, asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho, wasichana wakiwa nyuma zaidi. Timu ya watu 11 haiwezi kuwafikia hao.

Kwa hiyo kipindi changu huanza na mapigo ya moyo. Kidole cha shahada na cha kati vinawekwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Gumba lenyewe lisitumike kupimia, lina mapigo yake. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha mara 4, andika kwenye daftari. Kisha tunakimbia, tunapima, tunapumzika dakika moja, tunapima tena. Moyo uliozoea kazi hutulia upesi. Kinachonifurahisha ni yule ambaye hajawahi kuchaguliwa timu yoyote: baada ya wiki kadhaa anafungua daftari lake na kuona moyo wake unatulia haraka kuliko alivyoanza. Hashindani na mtu.

Pushapu nazo zina ngazi. Anza kwa kusukuma ukuta, kisha benchi, kisha chini huku magoti yamegusa ardhi, mwisho kwa vidole vya miguu. Mwili unyooke kuanzia bega hadi kisigino. Mgongo ukibonyea, rudi ngazi ya nyuma. Pushapu 5 safi nazipokea kwa furaha kuliko 20 za kubahatisha. Kichura hivyo hivyo: misuli ipashwe joto kwanza, miruko iwe michache, atue kwa ulaini. Kuzungushwa uwanja mzima kwa kichura, magoti yameshachoka, ni kumtafutia mtoto maumivu.

Wasichana waruhusiwe suruali za michezo. Wengi nimewaona wakijizuia kuruka kwa sababu ya sketi tu.

Jambo jingine ambalo mtoa adhabu haulizi: nani ana pumu, nani ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Mimi nauliza faraghani mwanzoni mwa muhula. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe uwanjani, isiachwe bwenini. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, asikimbizwe kwenye jua kali, na akisema amechoka apumzike pale pale, bila kubembelezwa amalizie mzunguko.