Unaanza kufuga nyuki? Tafuta eneo kwanza, mizinga baadaye

Kila inapokaribia Siku ya Nyuki Duniani, tarehe 20 Mei, milango yetu sisi maofisa nyuki wa wilaya hugongwa kuliko kawaida. Wengi wamesikia redioni kwamba asali inalipa. Wengine wamekwisha kuchongesha mizinga hamsini kwa mkopo na wanachotaka ni jibu la swali moja: nyuki wanauzwa wapi? Baada ya miezi kadhaa huja malalamiko, na huja kwa makundi mawili. Mfugaji analalamika kwamba mizinga haijaingia nyuki. Jirani yake analalamika kwamba mzinga mmoja umeingia, na mbuzi wake wamekufa. Ukifuatilia unakuta chanzo ni kilekile: mizinga ilinunuliwa kabla ya eneo kuchaguliwa.

Nyuki hawahitaji kununuliwa. Nchi yetu, Tanzania, inao tele, wa jamii ya Apis mellifera: wa bara wanaoitwa scutellata, wa mwambao wanaoitwa litorea, na wa milimani wanaoitwa monticola. Makundi yanapogawanyika wakati wa maua huhamia penye nafasi nzuri. Kazi yako ni kuwa na mzinga uliopakwa nta, mkavu, usio na nyufa, mahali wanapopita. Mzinga unaweza kuingia nyuki ndani ya wiki mbili, unaweza kuchukua miezi sita, na ukiutundika maua yakiwa yamekwisha unaweza kungoja hadi msimu mwingine.

Tunaulizwa mno kuhusu nyuki “wapole” wa Ulaya. Kuingiza nchini nyuki hai au vifaa vya nyuki vilivyokwisha kutumika bila kibali ni kosa, na sababu kubwa ni magonjwa. Hata ungepewa kibali, malkia wako angepandwa na madume wa hapahapa na vizazi vinavyofuata vingekuwa wakali vilevile. Tuliache hilo.

Eneo la manzuki, yaani mahali mizinga inapowekwa, linahitaji malisho, maji na utulivu. Malisho ni maua ya kuanzia mwezi hadi mwezi. Katika misitu ya miyombo ya Tabora, Katavi na Kigoma, mavuno makubwa huwa kati ya Mei na Julai, mengine madogo yakija kuelekea mwisho wa mwaka. Mwenye mashamba ya alizeti, mikorosho au michungwa ana kalenda yake, lakini aulize kwanza jirani zake wanapulizia dawa gani na saa ngapi. Dawa ya wadudu ikipuliziwa asubuhi maua yakiwa wazi, hesabu ya asali imekwisha. Maji yasiwe mbali. Kama hakuna kijito, weka beseni lenye mawe au vijiti, maana nyuki hawajui kuogelea. Utulivu maana yake ni angalau mita 200, na 300 ni bora zaidi, kutoka kwenye nyumba, shule, barabara, kisima na zizi. Mwenye kiwanja cha mjini asitafute njia ya kupunguza umbali huo. Afuge nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo na ina maji mengi zaidi, lakini hawatampeleka mtu hospitali.

Sasa mizinga. Anza na miwili au mitatu, mjifunzie makosa pamoja na nyuki. Mizinga ya magome hatuishauri: ukiuvua mti gome kuuzunguka, mti unakufa, nao ndio uliokuwa malisho. Mzinga wa viunzi unamtosha anayeanza, ila fundi seremala asimamiwe. Viunzi ni vile vibao vyembamba vinavyopangwa juu, kila kimoja kibebe sega lake. Kwa nyuki wetu upana wake ni milimita 32. Mafundi wengi hukata 35 au hata 40, wakidhani milimita chache si kitu. Nyuki wanapima. Kiunzi kikiwa kipana wanajenga sega la pili likikatiza viunzi viwili au vitatu, na siku ya kukagua unainua kimoja, masega matatu yanakatika, asali inamwagikia majana (watoto wa nyuki), na mzinga mzima unakutokea. Nenda kwa fundi na rula. Mbao zisiwe na harufu ya rangi mbichi wala dawa ya mchwa. Nyaya za kutundikia zipakwe grisi kuzuia sisimizi, na mzinga uning'inie usawa wa kiuno ili ukaguzi usihitaji kupanda. Palipo na nyegere, nguzo zizungushiwe bati laini.

Kibali ndicho kinachowachanganya wengi, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu. Ufugaji nyuki unaongozwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002 na kanuni zake. Ukifuga kwenye shamba lako mwenyewe, unachotakiwa ni kumfahamisha afisa nyuki wa wilaya ili manzuki iandikishwe, na serikali ya kijiji ijue ilipo. Ukitaka kufuga kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji, unaandika barua kwa serikali ya kijiji, inapita kwenye kamati ya maliasili, na unafuata sheria ndogo za kijiji hicho pamoja na ada zake. Msitu ukiwa wa halmashauri, barua inakwenda kwa mkurugenzi kupitia kwa afisa nyuki. Msitu ukiwa wa Serikali Kuu au hifadhi ya nyuki iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, unakwenda kwa Mhifadhi Misitu wa Wilaya. Barua ya mwenyekiti wa kijiji haikuruhusu kuingia msitu wa TFS, hata ikiwa na mihuri mitatu. Tunaletewa barua hizo kila msimu na tunazirudisha kila msimu. Katika barua taja idadi na aina ya mizinga, mahali hasa, na namna utakavyoingia na kutoka. Weka alama yako kwenye kila mzinga. Mzinga usio na alama ukizozaniwa hatuna pa kuanzia. Hifadhi ya taifa si mahali pa kutundika mzinga kabisa.

Atakayekutwa hifadhini bila kibali anaweza kufikishwa mahakamani na kupata faini, kifungo au vyote viwili, na mizinga na vifaa vikashikiliwa. Kufungua au kurina mzinga wa mtu mwingine ni kosa pia, hata kama “ulikuwa umeachwa”. Anayerina kwa mwenge na kuchoma msitu atakutana pia na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Kujitetea kwamba moto ulikimbia hakusaidii.

Ndiyo maana tunasisitiza bomba la moshi badala ya mwenge. Tumia magunzi makavu, majani makavu au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Usitie mpira, plastiki wala mafuta ya taa, harufu itabaki kwenye asali. Moshi hufunika harufu ya hatari ambayo nyuki hutoa wanaposhambulia, na huwafanya wajaze asali tumboni. Harufu hiyo ya hatari inafanana na ya ndizi mbivu, kwa hiyo anayetoka kula ndizi asisogee mzingani. Rina jioni. Chukua sega ambalo angalau robo tatu yake imezibwa kwa nta. Lililo wazi bado lina maji. Kiwango cha kimataifa ni unyevu usiozidi asilimia 20, na juu ya hapo asali inaweza kuchacha dukani ikiwa na jina lako kwenye chupa. Sega la majana liache. Waachie na asali ya kula, la sivyo watahama. Ndoo ziwe za plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Zile za bati la zinki huliwa na tindikali ya asali. Na machicha ya masega yaliyokamuliwa usiyatupe: yeyushe kwa maji ya moto, chuja kwa kitambaa, nta ina soko lake.

Kuhusu asali “orijino”. Kuwasha kijiti cha kiberiti, kudondosha tone kwenye mchanga au majini, kuangalia kama sisimizi wanaisogelea: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachothibitisha chochote. Asali kuganda nako si dalili ya sukari ya dukani. Asali halisi huganda, nyingine baada ya wiki chache, kutegemea maua na baridi. Tumeona watu wakimwaga asali nzuri kwa sababu hiyo. Ubora hupimwa maabara, na anayetaka kuuza kwenye vifungashio aanze mapema taratibu za Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwenye lebo andika pia kwamba mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe asali, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa kupooza kwa watoto wa umri huo.

Mtu akiumwa, mwiba utolewe haraka kwa kukwangua na ukucha, kwa sababu kifuko cha sumu huendelea kusukuma. Akishambuliwa na wengi, akimbie aingie ndani na kufunga mlango. Asipunge mikono, asijitose majini. Akianza kuvimba uso, kupumua kwa shida au kuishiwa nguvu, ni kituo cha afya saa hiyohiyo.

Kundi likitua kwenye mti wa uani kwako, usilimwagie petroli. Mara nyingi linapumzika tu na litaondoka lenyewe baada ya saa chache au siku moja, mbili. Likiingia darini, mwite afisa nyuki au mfugaji aliye karibu, aje na mzinga mtupu. Maombi ya vibali kwa msimu ujao yaletwe miezi miwili kabla ya maua, kwa sababu ukaguzi wa eneo unafanyika kwa miguu na maofisa ni wachache.