Mota ya kigari imeingia chumvi? Weka msasa chini kwanza

Kazi yangu hasa ni kusuka mota za blenda na drili hapa Majengo, lakini shule zikifungwa benchi hujaa vigari vya rimoti. Juzi kijana wa jirani aliniletea chake ndani ya ndoo. Alikuwa amekikimbiza ufukweni Nyali, maji yamekupwa, mchanga mgumu kama lami.

"Ami, kinalia kama paka."

Niliinusa mota kabla ya kushika bisibisi. Ilinuka mafuta ya nazi.

Nazungumzia mota za kaboni, zile za waya mbili. Ndani ya kopo mna sumaku mbili na amecha, yaani kiini kinachozunguka, ya meno matatu iliyozungushiwa waya. Mwishoni mwa amecha kuna pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu, ndiyo komyuteta. Kaboni mbili hukandamizwa na springi juu ya pete hiyo, na umeme hupita hapo. Ile mota ya kawaida ya saizi 540, yenye kopo la rangi ya fedha, mara nyingi ina mizunguko 27 ya waya kwa kila jino. Waya wenyewe hauna shida sana. Mota nyingi ninazoletewa zimefia pale kaboni inapogusa shaba, na huku pwani kuna wauaji watatu: chumvi ya hewani, mchanga, na mafuta tunayomimina kwa huruma.

Mafuta yana mahali pake. Ekseli huzungukia bushi mbili za shaba, moja kila upande, na kila moja inataka tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Tone moja, basi. Yakizidi hutambaa hadi kwenye komyuteta, yakachanganyika na unga wa kaboni, yakawa tope jeusi. Tope hilo linapitisha umeme. Likijaza mifereji ya vipande vya shaba, umeme hauna haja tena ya kuzunguka kwenye waya; huruka njia ya mkato, na wewe unaona cheche na mota ya moto isiyo na nguvu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mota ya kijana. Ilikuwa ya aina inayofunguka, nikatia alama ya kalamu kwenye kopo na kifuniko ili virudi vilivyokaa, maana kifuniko kikigeuka kidogo tu kigari hukimbia vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Kaboni nazo nilizitia alama, kila moja irudi tundu lake na kwa upande uleule. Mifereji yote mitatu ilikuwa imejaa, hata huoni mstari. Niliichokoa kwa kijiti cha meno, taratibu, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Tambaa la kwanza lilitoka jeusi, la tatu likatoka safi.

Sasa tazama rangi. Shaba yenye kahawia ya chai ya rangi ni nzima, usiiguse. Hilo ni gamba jembamba ambalo kaboni yenyewe imelitandaza, na linateleza vizuri. Ikiwa nyeusi na ina vishimo, imeungua. Zamani nikiona kahawia nilidhani ni uchafu, nikaipiga msasa wa mbao hadi ikang'aa. Chembe za msasa zilinasa kwenye kaboni, zikachimba mitaro kwenye shaba kama jembe. Mota ya watu ile, nililipa. Siku hizi natumia raba ya penseli, na pakiwa na doa gumu, msasa laini wa 1000 au zaidi, kisha nachokoa mifereji upya.

Springi ikiwa na rangi ya buluu imechemka, badilisha. Kaboni iliyobaki nusu nayo badilisha, kabla waya wake mdogo haujaanza kugonga kishikio.

Kaboni mpya ni bapa na pete ni duara, kwa hiyo mwanzoni zinagusana mahali padogo. Ukitia betri ya volti 7.2 siku hiyo hiyo, padogo hapo pataungua. Izungushe bila gia wala mzigo kwa betri mbili ndogo za tochi, yaani volti 3, dakika kumi hivi, mpaka uso wa kaboni uwe na mkunjo wa pete.

Mota zisizofunguka wengine huzizungusha ndani ya glasi ya maji kwa volti hizo hizo. Inasafisha kweli, maji hugeuka kijivu, ila inakula kaboni. Dakika mbili zinatosha. Na jamani, msitumie maji ya kisima. Mengi ya hapa mjini yana chumvi, mtakuwa mnaitibu kwa ugonjwa wake. Tumieni ya mvua au ya chupa, halafu spiriti, anikeni ikauke, ndipo mtie mafuta kwenye bushi.

Tulipokiwasha kile kigari barazani, cheche zilikuwa ndogo za buluu, na kelele ya paka imekwisha. Baada ya mizunguko kadhaa nilishika kopo: joto, lakini linashikika. Kijana akaniuliza kama Jumamosi anaweza kurudi Nyali. Nikamwambia aende, ila akae mbali na mchanga ulio maji, na mafuta ya nazi amrudishie mamake.