Miwani ya Wanaanga Haimfanyi Mtu Kuwa Fundi

Kazi yangu hapa Kisumu ni kuwaandalia mafundi wa viwandani maelekezo ya kazi kwenye miwani ya uhalisia ulioongezwa, ile inayoonyesha alama na maelezo juu ya vitu halisi unavyoviona. Wateja hunijia na wimbo uleule: "Si wanaanga huvaa hiyo tu, kazi inaenda? Nipe miwani, nipunguze mafundi."

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba ukivaa miwani ujuzi si lazima. Mwaka 2021, Megan McArthur, mwanaanga wa NASA, alivaa HoloLens, miwani ya aina hiyo ya kampuni ya Microsoft, ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga akibadilisha kipuri cha Cold Atom Lab, mtambo wa NASA unaopoza atomu hadi karibu na sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA kule California, waliona kile alichokiona yeye, na waliweza kumwekea alama mbele ya macho: mshale kwenye waya wa kuchomoa katikati ya fungu zima la nyaya. Sasa niambie, nani alijua ni waya upi? Ni waliouelewa mtambo wenyewe. Na aliyeuchomoa ni mtu aliyeendesha mkono wa roboti katika safari ya kukarabati darubini ya Hubble mwaka 2009. Miwani ilipunguza maelezo marefu ya redioni, basi.

Fundi wa kiwanda cha sukari asiyejua kuzima umeme kabla ya kufungua mota ataumia vilevile, tena akiwa amevaa kitu cha bei ghali. Ndiyo maana kila mteja namwambia aanze na karatasi. Keti na fundi wako mkongwe, andika nati ipi hutangulia na ipi haiguswi mashine ikiwa moto, kisha mpe mgeni afuate. Akikwama, miwani haitamkwamua.

Wengine huichanganya na uhalisia pepe. Huo huziba macho kabisa, na wanaanga huutumia kwenye kituo cha NASA cha Houston, Marekani, kufanya mazoezi kabla ya kuruka. Anayefungua skrubu lazima aone vidole vyake.

Eti ni teknolojia ya juzi? Frank De Winne, mwanaanga wa Ulaya, aliijaribu kituoni mwaka 2009.

Eti mwanaanga hahitaji tena watu wa duniani? Hapo kuna chembe ya ukweli. Soichi Noguchi, mwanaanga wa Japani, aliikagua mashine ya kukimbilia ya kituoni mwaka 2021 akifuata hatua zilizokuwa ndani ya miwani, na lengo ni hilo hasa, kwa sababu ujumbe wa redio kutoka duniani unaweza kuchukua dakika 20 kufika tu kwa mwanaanga aliyeko Mirihi. Lakini hatua zile ziliandikwa na watu.

Eti miwani ya dukani hufanya kazi angani bila kurekebishwa? Vihisi vyake hutegemea uvutano kujua chini ni wapi, na kituoni kila kitu kinaelea.

Na wale wanaong'ang'ania "ileile ya NASA": Microsoft iliacha kutengeneza HoloLens mwaka 2024. Ukiuziwa "mpya kabisa" leo, uliza imekaa stoo tangu lini.