Cork Haikuongeza Watu Laki Moja kwa Miaka Sita

Shemeji yangu anatafuta nyumba ya kununua huku Ayalandi, na tangu aanze kutafuta, mimi ndiye ninayekosa usingizi. Juzi kanitumia picha ya jedwali lililozungushiwa duara jekundu: Jiji la Cork, sensa ya 2016, watu 125,657, sensa ya 2022, watu 224,004. Chini yake mtu kaandika "ASILIMIA 78!!" na vimoto vitatu. "Shem, huku ndiko kwa kuweka hela," ananiambia. Ni mara ya nne mwaka huu naletewa jedwali hilohilo, na watu wanne wasiojuana. Safari hii naandika hapa, na wa tano akija nampa linki.

Namba zote mbili ni sahihi. Hapo ndipo kichwa kinaponiuma, maana zingekuwa za uongo ningesema ni za uongo tukaenda kunywa chai. Ni za kweli, zimetoka sensa ya kweli, na mtu aliyezitoa kwa kikokotoo hakukosea hesabu. Alichokosea ni kudhani kwamba "Jiji la Cork" la 2016 na la 2022 ni kitu kimoja.

Tarehe 31 Mei 2019 mpaka wa halmashauri ya jiji ulisogezwa, kwa mara ya kwanza tangu 1965. Ballincollig ikaingia, Blarney ikaingia, Glanmire ikaingia, hata uwanja wa ndege ukaingia. Eneo la jiji likawa karibu mara tano ya lilivyokuwa. Watu wapatao 85,000 walilala wakiwa wa Kaunti ya Cork, wakaamka wakiwa wa Jiji la Cork, na hakuna aliyefunga hata begi. Hao ndio sehemu kubwa ya "ongezeko". Ukichukua mpaka mpya ukauweka juu ya watu wa 2016, unapata kama 211,000. Kutoka hapo hadi 224,004 ni asilimia 6 na kidogo.

Sasa weka hiyo 6 kando ya nchi nzima. Jamhuri ya Ayalandi ilikuwa na watu 4,761,865 mwaka 2016 na 5,149,139 mwaka 2022 (mara ya kwanza kwa sensa kuvuka milioni 5 tangu ile ya 1851). Hiyo ni asilimia 8.1. Yaani mji ambao shemeji ameuwekea vimoto vitatu umekua polepole kuliko wastani wa nchi.

Msomaji wa Dar hapa hanipi shida. Mwaka 2021 Manispaa ya Ilala ilipandishwa ikawa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na hakuna mkazi wa Kinondoni aliyehama Dar siku hiyo. Jina la halmashauri ni kitu kimoja, mji unaouona ukiwa kwenye daladala ni kitu kingine.

Sisi tunaofanya kazi na namba hizi hutumia kipimo cha tatu: mji pamoja na viunga vyake, yaani mstari unaofuata nyumba zinapoishia na kupuuza madaraka ya diwani yanapoishia. Kwa kipimo hicho Cork ilitoka 208,669 ikafika 222,526. Asilimia 6.6. Ukipita njia hii au ile unaangukia sita na kitu, na kwa kawaida nikiona njia mbili zinakutana nalala vizuri. Lakini nikiri jambo ambalo kwenye mkutano silisemi kwa sauti: kwa sensa ya 2022 ofisi ya takwimu ilibadili namna ya kuchora hiyo mistari ya miji. Kwa hiyo hata hiyo nukta 6 yangu ina mkono wa mchora ramani ndani yake. Nikiulizwa nasema "sita, saba", na anayetaka desimali namtazama tu.

Dublin ni hadithi hiyohiyo, ila yenyewe ina majibu matatu kwa wakati mmoja. Halmashauri ya jiji: 592,713. Jiji na viunga: 1,263,219. Kaunti yote: 1,458,154. Yote ni ya usiku uleule wa 2022. Ukisikia watu wawili wanabishana kama Dublin ina laki sita au milioni moja na nusu, usiwaamulie, wote wana haki.

Ukifika kwenye orodha za "mji mkubwa kuliko yote usio jiji" ndipo nachoka kabisa. Orodha inasema Drogheda 44,135, Dundalk 43,112, Swords 40,776. Mtu mmoja wa Tallaght aliniuliza kwa uchungu, "Sisi tuko wapi?" Ana hoja. Tallaght ina watu wengi kuliko Drogheda, lakini nyumba zake zimeungana na za Dublin, kwa hiyo imemezwa. Swords imepona kwa sababu ukitoka Dublin kwenda huko unapita uwanja wa ndege na mashamba, mji unakatika, halafu unaanza tena. Ng'ombe wachache na njia ya kurukia ndege ndivyo vilivyoipa Swords nafasi yake kwenye jedwali.

Na Drogheda? Mji uko kaunti ya Louth, lakini upande wa kusini umevuka mpaka na kuingia Meath. Ukihesabu kwa kaunti unaukata mguu. Ukiendelea kuelekea baharini kuna Bettystown na Laytown, zinazohesabiwa kama mji wao wenyewe wenye watu zaidi ya 15,000. Nimewahi kusimama kwenye barabara ya kwenda huko nikiwa na ramani mkononi: nyumba, shamba, ua wa miti, nyumba, shamba, bango la "nyumba mpya zinakuja hapa". Wanaoitaka Drogheda ipewe hadhi ya jiji wanasema huo ni mji mmoja. Ramani inasema ni miwili. Mimi nilirudi nyumbani bila uamuzi, na hadi leo sina.

Hadhi ya jiji yenyewe haina uhusiano na wingi wa watu, tulimalize hilo haraka. Kilkenny inaitwa jiji kwa hati ya mfalme ya 1609, na sheria ya 2001 ikairuhusu ibaki na jina. Watu wake ni 27,184. Ennis na Carlow zimeizidi, na ni miji tu.

Jingine la haraka: kati ya 2016 na 2022 kuna miaka sita. Sensa ilipaswa kuwa 2021, korona ikaisogeza. Anayeweka asilimia za kipindi hicho kando ya zile za 2011 hadi 2016, ambazo ni za miaka mitano, kisha akasema "kasi imepanda", agawe kwanza kwa mwaka halafu ndiyo anipigie simu.

Kuna lingine ambalo silioni likitajwa kwenye majedwali. Sensa ya Jamhuri inahesabu watu pale walipo usiku wenyewe, kama ile yetu ya nyumbani ya "usiku wa kuamkia". Mgeni aliyelala hotelini Galway yumo kwenye hesabu ya Galway. Usiku wa 2022 ulikuwa Jumapili, tarehe 3 Aprili. Wanafunzi wa huku wana tabia ya kwenda kwao wikiendi na kurudi chuoni Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri na nguo zilizofuliwa na mama. Galway na viunga vyake ilitoka 79,934 ikafika 85,910. Ni wangapi waliohesabiwa mezani kwa mama yao Mayo badala ya chumbani kwao Galway? Kuna hesabu ya wakazi wa kawaida inayosaidia, ila inategemea mtu mwenyewe amejaza nini kwenye fomu, na kijana wa miaka 19 ukimuuliza anaishi wapi anahitaji muda wa kufikiri.

Usiichanganye Belfast humo. Ayalandi ya Kaskazini ina ofisi yake na sensa yake, iliyofanyika tarehe 21 Machi 2021, na inahesabu wakazi wa kawaida. Ile 345,418 inayonakiliwa kila mahali ni ya eneo la halmashauri, ambalo nalo lilipanuliwa mwaka 2015.

Halafu kuna ile ya "zamani Belfast ilikuwa kubwa kuliko Dublin". Sensa ya 1891: Belfast 255,950, Dublin 245,001. Kweli tupu. Ila Dublin ya wakati huo ilikuwa imebanwa na vitongoji vya matajiri, Rathmines na Pembroke, vyenye mabaraza yao, ambavyo havikutaka kulipa kodi za jiji. Nyumba zilikuwa zimeungana kabisa, lakini hata mwaka 1911 watu zaidi ya 60,000 wa vitongoji hivyo viwili hawakuhesabiwa kama wa Dublin. Viliunganishwa mwaka 1930. Belfast kwa upande wake ilipanuliwa mpaka mwaka 1896, na sensa ya 1901 ikaipa 349,180. Viwanda vya meli na vya kitani vilivuta watu kwelikweli, sikatai, ila sehemu ya kupanda kule ni kama Cork ya 2019: kalamu. Ukiongeza viunga vya Dublin vya kusini hadi Kingstown (Dún Laoghaire ya leo), ubingwa wa Belfast unayeyuka. Je, Kingstown ilikuwa Dublin? Tayari nimerudi barabarani Bettystown.

Shemeji nimemtumia rasimu ya haya. Kasoma, au kaambiwa, maana jibu limekuja upesi: "Sawa Shem, basi Naas. Kutoka 21,393 hadi 26,180, asilimia 22, na mpaka wa halmashauri haupo." Kanibana. Mabaraza ya miji yalifutwa 2014, kwa hiyo hoja ya mpaka wa diwani hapa haina kazi. Watu wanaofanya kazi Dublin wamehamia kweli, estate mpya zipo, nimeziona. Nimemwambia anipe hadi Jumamosi, nifungue ramani mbili za Naas, ya 2016 na ya 2022, niziweke juu ya nyingine nione mstari umesogea wapi.