Je, wajua kwa nini lori kubwa la dizeli bado linazungusha feni kwa injini wakati gari ndogo zinatumia umeme?

Kwa muda mrefu mimi niliamini kabisa kwamba feni ya lori inayozungushwa na injini ni mambo ya kizamani yaliyosahaulika kubadilishwa. Hoja yangu ilikuwa hivi: gari ndogo zilishahamia feni za umeme siku nyingi, inawaka ikihitajika inazima isipohitajika, ila ile ya lori inazunguka kutwa nzima inakula mafuta, sasa si uing'oe tu ufunge za umeme nne tano upate nguvu ya bure? Nilikosea, tena karibu kila hatua ya hiyo hoja, na nimeshakutana na watu wengi wenye wazo hilohilo ndo maana naliandikia.

Tuanze na hiyo "kutwa nzima". Malori ya zamani feni ilifungwa moja kwa moja na injini, injini ikizunguka nayo inazunguka, hapo lawama ilikuwa halali kabisa. Lori la siku hizi lina klachi ya feni, yaani kifaa kinachoishika feni izungushwe na injini ikihitajika na kuiachia isipohitajika. Kuna zinazoshikwa na kuachiwa kwa upepo, uleule wa kwenye mitungi ya breki, na kuna zinazotumia mafuta mazito ya silikoni. Hizi za silikoni mbele yake mara nyingi utaona springi bapa imejisokota kama dawa ya mbu ya kuviringa. Ile springi ni vyuma viwili tofauti vimebandikwa pamoja, ikipigwa na hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta inajikunja, inafungua kijitundu, mafuta yanaingia kati ya sahani mbili zenye mifereji na feni inaanza kuburuzwa kwa nguvu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika panga la feni uzungushe kwa mkono, utahisi linakwenda kwa kunatanata kama unakoroga asali.

Sasa lori likiwa kwenye barabara tambarare kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linajipatia upepo wake kutoka mbele bila msaada wa mtu, klachi imeachia, feni inajizungukia tu (ya silikoni haiachii moja kwa moja, huwa inaburuzwa kidogo, ila ni kidogo kweli). Kwenye safari ndefu feni hushikwa kwa sehemu ndogo tu ya muda, mara nyingi chini ya moja ya kumi. Kwa hiyo ule mzigo wa kutwa niliotaka kuuokoa kwa sehemu kubwa haupo. Ila hapo lazima niseme, inategemea lori linafanya kazi gani, la kubeba taka linalosimama kila nyumba au la mgodini halifanani na la masafa marefu.

Na mfano wenyewe wa gari ndogo nao una kasoro. Gari nyingi ndogo zilienda kwenye feni za umeme kwa sababu injini zake zimelazwa kwa upande, uso wa injini unatazama gurudumu na rejeta iko mbele, mkanda wa kuzungusha feni ungepitia wapi? Kuokoa mafuta kulikuwepo, ila mkao wa injini ndio uliolazimisha. Lori injini yake imekaa kwa urefu, uso unatazama rejeta, feni inakaa palepale.

Haya, sasa ile moja ya kumi ya muda. Hapo ndo penyewe. Lori limebeba mzigo kamili, linapanda mlima mrefu gia ya chini, mwendo wa mtu anayekimbia, upepo wa mbele haupo na injini inatoa nguvu yake yote. Injini ya farasi 450 ikisukuma hivyo, joto linaloingia kwenye maji ya kupozea linaweza kuzidi kilowati 150, na juu yake kuna joto la intakula (inayopoza hewa inayoingia kwenye injini) na la kondensa ya AC (inayotoa nje joto la kiyoyozi), vyote vimepangwa mbele ya feni hiyohiyo kimoja nyuma ya kingine. Ukiwa karibu na lori kwenye mlima wa namna hiyo utasikia ghafla mngurumo unabadilika, vuuuu kama ndege inajiandaa kuruka, hiyo ndo feni imeshikwa. Feni ya lori ina upana wa sentimita kama 80 na ikishikwa kwa mzunguko mkubwa inakula kilowati 20 hadi 40. Ya gari ndogo inakula wati 300 hadi 500 hivi.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Chukua kipande cha boksi ujipepee taratibu, unaweza kupepea hata nusu saa unaongea na simu. Sasa ongeza kasi ya mkono mara mbili. Hewa unayosukuma imekuwa mara mbili, sawa, lakini kila pigo unakutana na hewa nyingi zaidi na pia unaitupa kwa kasi zaidi, kwa hiyo ugumu unaouhisi mkononi ni mara nne, na mkono wenyewe unakwenda mara mbili kwa kasi, mara nne kwa mara mbili ni nane. Dakika chache tu bega linauma. Feni ni hivyohivyo, hewa mara mbili inadai nguvu mara nane. Kisha pepea hewa hiyo ipite kwenye kitambaa kilichokunjwa mara tatu, maana ndivyo feni inavyoona zile rejeta zilizopangana, na hapo mota ndogo nyingi zinabaki kuzungusha hewa palepale badala ya kuivuta.

Tuhesabu umeme basi. Kilowati 25 kwenye volti 24 ni zaidi ya ampea 1,000. Alteneta (inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) ya ampea 100 inatoa kilowati mbili na nusu hivi. Hata stata, mota ya kuwashia injini, yenye waya mnene kuliko zote kwenye lori, haizidi sana kilowati chache na inapewa sekunde tu halafu ipumzike, feni ingetaka mara tatu nne ya hapo kwa dakika ishirini mfululizo. Na umeme wenyewe unatoka wapi? Kwenye injini ileile, ila sasa unapitia alteneta inayopoteza kama theluthi au zaidi, kisha mota nayo inakata chake, kwa hiyo karibu nusu ya nguvu inapotea njiani kabla panga halijazunguka. Mkanda au gia hupoteza kidogo sana.

Ila hesabu hiyohiyo ya mara nane ukiigeuza inakuwa tamu, na hii ndo sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Ukiwa na moja ya kumi tu ya nguvu, yaani zile kilowati mbili na nusu za alteneta, hewa unayopata haishuki hadi moja ya kumi, kwa feni ya ukubwa uleule inabaki karibu nusu! Ndo maana aliyefunga feni za umeme kwenye lori anaweza kutembea wiki nzima geji ya joto haijasogea, akaamini amefaulu, mpaka siku ya mlima, joto na mzigo vikutane injini ichemshe. Hakuwa anadanganya alipokuwa anasifia, zile feni zilikuwa zinatosha kweli.

Jambo jingine linalosahaulika ni kuharibika. Klachi nyingi za upepo zimetengenezwa feni ishikwe na springi na upepo uwe wa kuiachia, kwa hiyo paipu ikipasuka feni inabaki imeshikwa, unapoteza mafuta lakini injini inapona. Fyuzi ya feni ya umeme ikiungua, feni imekufa. Halafu kuna malori yanayoshika feni makusudi wakati wa kushuka mlima ili ule mzigo wake uisaidie breki ya injini, na hilo feni za umeme za volti 24 haziwezi kulifidia.

Zipo sehemu umeme umeshinda. Mabasi ya mjini yenye injini nyuma, rejeta ubavuni na feni ya haidroliki (inayozungushwa kwa mafuta yenye shinikizo), haidroliki nayo inapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo kuweka feni nyingi ndogo za umeme pamoja na alteneta kubwa kumeleta maana, hasa kwa vile basi la mjini halipandi mlima kwa nguvu zote nusu saa. Na malori ya betri au ya hidrojeni (yanayotengeneza umeme wake kwa hidrojeni) yenye volti 600, humo kilowati 25 ni ampea 42 tu, waya mwembamba unatosha. Ya hidrojeni ndo yanahitaji feni kubwa kweli, kwa sababu hayana ekzosi ya moto ya kutupia joto kama dizeli, karibu joto lote linapitia kwenye rejeta, na maji yake ni ya nyuzi 70 hadi 80 tu, kwa hiyo siku ya jua kali tofauti kati ya rejeta na hewa ya nje ni ndogo na inabidi hewa ipite nyingi zaidi.