Fukusi si waja leo

Juzi tena. Nimeitwa Chumbageni kupanga stoo ya jikoni, nafika nakuta makopo 24 ya plastiki, yote mapya, yote yanaonyesha, kila kifuniko kina mpira wake. Na ndani ya kopo la mchele fukusi wanapandana. Mwenye nyumba ananiambia, "Shangazi, sijui wameingilia wapi, mbona kifuniko kinabana kabisa?"

Hawakuingia, mwanangu. Uliwanunua.

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Fukusi hamo. Jike hutoboa punje kwa ule mdomo wake mrefu, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Chambua kwenye ungo mpaka macho yaume, hulioni. Kwa joto letu hili, baada ya kama mwezi hivi anatoka mdudu mzima na hamu zake za ndoa. Wale wadogo wekundu wa kwenye sembe ni wengine kabisa: fukusi anataka punje azalie, wao wanataga humo humo ungani.

Kifuniko kinachobana hakina kosa, na kinaua kweli. Mifuko ya PICS ya wakulima, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba, haina dawa hata chembe. Unajaza nafaka, unakamua hewa, unafunga mdomo, na wadudu waliomo wanaimaliza hewa wenyewe mpaka wafe. Lakini umejaza, na hufungui! Kopo lako limefika nusu, mchana unalifungua kwa wali, usiku unalifungua uroweke wa vitumbua. Kila ukifungua unawapelekea hewa mpya. Hiyo ni gesti.

Halafu mchele ukipungua, mtu anarudi na kilo tano kutoka soko la Mgandini anazimimina juu ya ule wa zamani. Hapo ndipo presha inanipanda. Ule wa chini hauliwi kamwe, unakaa mwaka mzima ukilea.

Kwangu kila kitu kina vyombo viwili. Kikubwa ni cha akiba, ndoo ya mafuta ya kula iliyooshwa ikakauka, imejaa hadi mdomoni, haiguswi. Kidogo ni cha kila siku, cha wiki moja au mbili. Kidogo kikiisha, na kiishe kweli, nakiosha, nakianika, napitisha kidole kwenye mfereji wa kifuniko maana unga hujificha pale, ndipo najaza. Vyombo visifanane, sijali.

Ila usifunge kitu kibichi. Sisi watu wa pwani, masika chumvi inalia machozi kikombeni, maana unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 chumvi inavuta maji. Basi itumie hiyo hiyo. Chupa kavu, mahindi hadi theluthi, chumvi kavu vijiko viwili vya chakula, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado. Lakini usiishie hapo. Kipimo hiki hakioni maji ya ndani ya punje yakiwa chini ya asilimia 15 hivi, na mahindi ya kukaa miezi yanatakiwa yashuke hadi 13. Kwa hiyo hata chumvi ikianguka yote, mimi huanika siku moja zaidi. Inatosha? Kuna mwaka haikutosha, nikamwaga debe zima. Bora kumwaga. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, haiondoki kwa kupika, na 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mengine haraka. Dona nunua kidogo kidogo, kiini cha mahindi kina mafuta na yakikaa yanachacha. Iliki ibaki na maganda yake. Mafuta na viungo mbali na jiko. Vidonge vya kufukizia nafaka usiviingize nyumbani hata kwa dawa, vinatoa gesi inayoua watu. Majani ya mwarobaini? Natia, bibi yangu alitia. Mwaka juzi niliwakuta fukusi wametembea juu yake kama mkeka.

Mchele wa Chumbageni tuliufunga kwenye nailoni, tukautia friza siku nne. Ulipotoka hatukuufungua mpaka baridi yote iishe, la sivyo unatoa jasho na kulowa. Tukaupepeta, ukaliwa.

Jana dada huyo kanipigia. "Shangazi, choroko nazo zina vitundu vya duara."

"Kopo gani?"

"Lile la juu. Nilishamiminia mpya."