Nyaraka za Iraki na Madai ya Ushirika na Al-Qaeda

Baghdad ilipoanguka Aprili 2003, majeshi ya Marekani na washirika wake yaliingia katika wizara, ofisi za Baath, chama kilichokuwa kikitawala, na idara za ujasusi, yakakuta makabati yamejaa mafaili. Mamilioni ya kurasa yalichukuliwa, pamoja na kanda za sauti za vikao vya Saddam Hussein mwenyewe. Swali kubwa lilikuwa hili: je, serikali ile ilishirikiana na Al-Qaeda, kama walivyodai waliotetea vita?

Kwetu Afrika Mashariki swali hilo haliko mbali. Tarehe 7 Agosti 1998 Al-Qaeda ililipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu 224, wengi wao Wakenya. Tuna haki ya kujua nani aliwalea wauaji wale, na haki hiyo haitimizwi kwa karatasi iliyosomwa nusunusu. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi nyaraka tunaona inafaa kueleza zinavyosomwa.

Chukua hati moja ya ujasusi wa Iraki iliyojulikana baada ya vita. Inaeleza kwamba mwaka 1995 mjumbe wa Iraki alikutana na Osama bin Laden nchini Sudan, alikokuwa akiishi. Bin Laden aliomba Iraki itangaze mahubiri ya shehe mmoja aliyeupinga utawala wa Saudia, na pia pande mbili zishirikiane kuyashambulia majeshi ya kigeni yaliyokuwa Saudia. Ombi la mahubiri lilikubaliwa. La mashambulizi, hati haionyeshi kwamba lilipata jibu.

Waliotetea vita waliishika habari ya mkutano wakaishikilia. Ni kweli mkutano ulikuwapo, lakini majasusi hukutana na watu wa kila aina, mara nyingi ili kuwapeleleza tu. Msomaji makini hutafuta kilichofuata: agizo la kutoa fedha liko wapi? Nani alitia sahihi? Waliokwenda mafunzoni walilala kambi gani? Silaha zikitoka, mtunza bohari huandika. Fedha zikitoka, mhasibu naye huandika. Jambo kubwa la serikali huacha alama katika ofisi zaidi ya moja. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilisema mwaka 2004 kwamba haikuona ushahidi wa ushirikiano wa kiutendaji, yaani wa kufanya kazi pamoja, kati ya Iraki na Al-Qaeda.

Majina nayo yamewapotosha wengi. Katika orodha ya maofisa wa Fedayeen, kikosi cha wanamgambo wa Saddam, lilionekana jina linalofanana na la mtu aliyehusishwa na mkutano wa Al-Qaeda uliofanyika Kuala Lumpur Januari 2000. Habari zikaenea kwamba kiungo kimepatikana. Mpangilio wa majina ulikuwa tofauti, na wachunguzi wakaona ni watu wawili. Yeyote aliyekulia Mombasa au Unguja anajua ni watu wangapi wanaoitwa kwa jina lao, la baba na la babu, na majina yenyewe ni yaleyale.

Mwaka 2007 watafiti wa Institute for Defense Analyses, taasisi ya utafiti ya Marekani, wakifanya kazi kwa ajili ya jeshi la Marekani, walikamilisha ripoti iliyotokana na nyaraka zaidi ya 600,000. Hawakupata uhusiano wa moja kwa moja wa kiutendaji na Al-Qaeda. Wengi huishia kusoma hapo, wakadhani Saddam amesafishwa. Hapana. Mafaili yaleyale yanaonyesha serikali iliyofadhili na kufundisha makundi mengine ya kigaidi, iliyokuwa na mawasiliano na Jihad ya Kiislamu ya Misri, kundi ambalo kiongozi wake Ayman al-Zawahiri baadaye alikuwa naibu wa bin Laden. Kuna hata waraka wa Januari 1993 unaoagiza Wamarekani wawindwe katika nchi za Kiarabu, hasa Somalia. Haya ni mazito, na ni dhuluma kuyaficha kwa sababu tu madai mengine hayakuthibitika.

Mfano wa ushahidi uliokamilika, wa serikali kuwalea magaidi, ulipatikana Ujerumani Mashariki. Mwaka 1990, baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, watu kumi waliowahi kuwa katika Red Army Faction, kundi la kigaidi la mrengo wa kushoto, waliokuwa wakisakwa Ujerumani Magharibi, walikamatwa huko. Idara ya usalama, Stasi, iliwapa majina mapya na kuwatafutia makazi na kazi. Hapo mafaili na watu wenyewe vilisema jambo moja.

Tena Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1991 inayomruhusu mwananchi kuomba faili lake lililowekwa na Stasi alisome. Mafaili ya chama cha Baath, kwa upande wake, yalikaa Marekani kwa miaka mingi hadi yaliporudishwa Iraki mwaka 2020. Wairaki waliopotelewa na ndugu zao chini ya utawala ule wanastahili kuwekewa sheria kama hiyo, na wafunguliwe faili zima, si kurasa zilizochaguliwa na wanasiasa.